Roboti Aliyeona Haya

Mwalimu mkuu anapigana mieleka na kulungu katika uwanja wa shule. Mwanafunzi mmoja anamwona kupitia dirisha, anapigwa na butwaa. Kulungu katoka wapi? Hakuna anayeeleza, na masomo yanaendelea. Hiyo ni Nichijou, katuni ya Mjapani Keiichi Arawi iliyoanza kuchapishwa mwaka 2006, kisha studio ya Kyoto Animation ikaitengenezea mfululizo wa sehemu 26 mwaka 2011.

Wengi huuona ucheshi huu kuwa upuuzi mtupu. Kumbe umebeba swali zito: nini kinamfanya mtu awe mtu?

Mwaka 1900 mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alitoa kitabu kuhusu kicheko. Alisema binadamu huchekesha anapotenda kama mashine, kwa mfano anapoendelea na mwendo uleule ilhali njia imebadilika, akajikwaa. Nichijou inaipindua hoja hiyo. Nano ni roboti aliyeundwa na profesa wa kike mwenye umri wa miaka 8. Ana ufunguo mkubwa mgongoni, na mkono wake hufunguka ukatoa keki. Huyo ndiye anayepika, anayemkaripia profesa mtundu, na anayemsihi autoe ufunguo ili aende shule kama wasichana wengine. Anachekesha kwa sababu ni mashine yenye haya, na haya hizo ndizo zinazomfanya mtazamaji amhesabu kuwa mtu.

Katika katuni nyingine, Cromartie High School, kazi ya Eiji Nonaka iliyoingia televisheni mwaka 2003, Mechazawa ni pipa la chuma lenye mikono. Wanafunzi wenzake wanamheshimu kama shujaa. Wachache wanaotambua kwamba ni roboti wanashindwa hata pa kuanzia kuuliza.

Mtu anaweza kupinga kwamba mzaha hauthibitishi lolote kuhusu nafsi ya mashine. Ni kweli. Lakini hakuna mwanafunzi anayemdai jirani yake wa dawati ushahidi kwamba ana nafsi. Humkubali kwanza, kwa salamu, kwa chakula, kwa ugomvi na kupatana. Hoja hufuata baadaye, kama zitafuata. Mwishoni mwa Nichijou, Nano anapata nafasi ya kuondolewa ufunguo, naye anasema ubaki kwanza. Wanaobishana leo kuhusu utu wa mashine wazitazame katuni hizi kwa makini, kwa maana zimeanza na jambo ambalo mijadala mingi hulisahau: kuishi pamoja.