Kura Moja ya Kigobe

Machi 21, 2014, katika ukumbi wa Bunge pale Kigobe, Bujumbura, ilikosekana kura moja. Serikali ilikuwa imepeleka muswada wa kurekebisha katiba, na ili upite zilihitajika kura 85 kati ya wabunge 106. Zikapatikana 84. Wabunge wakatoka, madereva wakawasha magari, na usiku ule hakuna jirani aliyefunga virago kwa sababu ya hesabu ile.

Wengi wakisimulia mgogoro wa Burundi huanzia kwenye matairi yaliyochomwa mwaka uliofuata. Mimi naanzia Kigobe, maana sijui siku nyingine ambayo Burundi iliambiwa "hapana" kwa bei ndogo namna ile.

Chama tawala, CNDD-FDD, kilikuwa na viti 81. Na wapinzani walikisaidia kuvipata: waliposhindwa uchaguzi wa komini Mei 2010 walilia wizi, wengi wao wakasusa chaguzi zilizobaki, na Pierre Nkurunziza akagombea urais peke yake kama mkimbiaji anayeshindana na kivuli chake. Hata hivyo Bunge lile lililojaa watu wa upande mmoja lilikuwa bado na kona ya kukatalia. UPRONA, chama cha Rwagasore, shujaa wa uhuru, kilikuwa na viti 17.

Kilichogombewa kilikuwa manda, yaani kipindi cha urais, kama wanavyosema Bujumbura. Manda ya tatu. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliotafutwa ili kuzima vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, ulikataza mtu kutawala zaidi ya vipindi viwili. Katiba ya 2005 nayo ikasema rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano, na anaweza kurudia mara moja. Nkurunziza alichaguliwa na Bunge mwaka 2005, kisha na wananchi mwaka 2010. Wenzake wakadai kipindi cha kwanza hakihesabiki, kwa kuwa hakukipata kwa kura ya wananchi. Kama hoja ya wakili, ina miguu yake. Lakini ule muswada ambao wengi waliuona kuwa ni wa kumfungulia njia ulipelekwa Kigobe wa nini? Mwenye ufunguo mfukoni hahangaiki kugonga.

Mlango wa mbele ulipofungwa, wakazunguka uani. Aprili 25, 2015, chama kikamteua. Kesho yake vijana wa mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke wakawa barabarani, na polisi nao. Mei, Mahakama ya Katiba ikakubali agombee, lakini makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia saini akakimbilia Rwanda. Mei 13, Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumpindua. Jaribio lile halikumaliza siku tatu. Redio za watu binafsi zikachomwa. Ile "hapana" iliyotamkwa na kura moja, sasa ilitamkwa kwa mawe na bunduki, na ikajibiwa kwa lugha hiyohiyo.

Wengine hawakusema kitu, waliondoka tu. Kagunga ni kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwezi ule makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana pale ufukweni. Maji ya kunywa yalikuwa ni yaleyale ya ziwa, na vyoo havikutosha hata robo yao. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913. Haikuweza kufika ufukweni, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi, mama akipokewa mtoto kwanza, kisha godoro, kisha yeye mwenyewe. Wakashushwa Kigoma, wakalala uwanja wa mpira, halafu mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Uchaguzi wa wabunge ukafanyika Juni 29, katikati ya hayo. Siku moja kabla yake, Pie Ntavyohanyuma, aliyekuwa Spika siku ile ya kura 84, alionekana kwenye televisheni akiwa Ubelgiji, akaeleza kwamba ameacha kazi na ameihama nchi. Mwenye nyumba kakimbia nyumba mkesha wa karamu, na karamu ikaendelea.

Kupiga kura kulikuwa hivi: unapewa karatasi za vyama vyote, moja moja, pamoja na bahasha mbili. Uliyoichagua unaitia kwenye bahasha nyeupe. Zilizobaki zote zinaingia kwenye nyeusi. Wapinzani walisusa tena, lakini karatasi za muungano wa mpinzani Agathon Rwasa zilikuwa zimekwisha kuwekwa mezani, kwa hiyo walioambiwa wasiende walipokwenda walizikuta. Muungano ule ukapata viti 21 bila kuvitaka, na Rwasa, baada ya kusita kidogo, akaingia bungeni na kuchaguliwa naibu spika. CNDD-FDD kikachukua 77 katika viti 100 vilivyopigiwa kura. Julai Nkurunziza akapata manda yake.

Waliokimbilia nchi jirani walifika zaidi ya laki nne. Nkurunziza mwenyewe aliishi karibu miaka mitano tu baada ya kuipata manda ile. Kura ya maoni ya Mei 2018 ilirefusha kipindi cha rais hadi miaka saba, lakini akasema hatagombea tena. Juni 8, 2020, alifariki Karuzi, kabla hajakabidhi ofisi kwa Évariste Ndayishimiye aliyekuwa ameshachaguliwa. Sitaki kukifanya kifo cha mtu kuwa hukumu. Naitaja tarehe kwa sababu ya urefu wa kile kilichopiganiwa.

Juni 5, 2025, Warundi walichagua tena wabunge. CNDD-FDD kilipata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti vyote 100. Ile kura moja ya Kigobe haiwezi tena kukosekana, kwa kuwa hakuna kiti cha kukosekania.

Wakati wa kampeni zile mafuta yalikuwa hayapatikani. Mjini Bujumbura magari yalipanga foleni kutoka kituo cha mafuta hadi kona ya pili, wenyewe wakalala ndani. Foleni ikisogea hawawashi injini. Dereva anafungua mlango, anashika usukani kwa mkono mmoja, anasukuma kwa bega hatua mbili, kisha anarudi kukaa.