Mlo Tuliouacha Una Mwenyewe

Kila Kwaresima Wakristo huulizana swali moja wakitoka kupakwa majivu: mwaka huu umeacha nini? Mmoja ameacha bia, mwingine nyama, mwingine soda, na siku hizi wapo wanaoacha mitandao ya kijamii hadi Pasaka. Majibu hutolewa kwa moyo mkunjufu na sina sababu ya kuyatilia shaka. Kinachonikera, tena mwaka huu zaidi kwa jinsi maisha yalivyo magumu mitaani, ni swali la pili ambalo karibu hakuna anayeliuliza: hicho ulichokiacha kimekwenda wapi? Bia isiyonywewa kwa siku arobaini ni fedha. Nyama isiyopikwa ni fedha. Fedha hiyo ikikaa mfukoni kungoja Jumatatu ya Pasaka, basi tumebana matumizi, jambo jema kwa afya na kwa bajeti ya nyumba, lakini hatujafunga kwa namna Kanisa lilivyoufahamu mfungo tangu zamani. Msimamo wangu ni kwamba mlo tuliouacha una mwenyewe, na kumtafuta huyo mwenyewe ni kazi ya jumuiya nzima. Haiwezi kuachiwa dhamiri ya kila mtu kivyake.

Wazo hili si langu wala si geni. Katika Mchungaji wa Herma, maandishi ya Kikristo yaliyotungwa Roma katika karne ya 2, anayefunga anaelekezwa ale mkate na maji tu, kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na kiasi hicho ampe mjane, yatima au mwenye shida. Agizo hilo halimwambii mtu atoe anavyojisikia, linamwambia apige hesabu. Karne tatu baadaye Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 440 hadi 461, alirudia katika mahubiri yake ya Kwaresima kwamba kile anachojinyima mfungaji kiwe chakula cha maskini. Kwa wazee hao sadaka haikuwa nyongeza ya hiari juu ya mfungo. Bila sadaka mfungo ulikuwa haujakamilika.

Sisi tumebaki na sheria, na sheria tumeitazama kwa upande wa sahani tu. Kwa Wakatoliki siku za lazima za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60 hula mlo mmoja kamili, na kuacha nyama kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Ni masharti mepesi, na bado tunayapita pembeni pasipo kujua. Ijumaa ya Kwaresima nyama haiingii jikoni, lakini anaingia sato mzima wa kukaanga, ambaye mara nyingi bei yake haipungui ya nyama. Sharti limetimizwa, na hakuna shilingi iliyobaki ya kumpa mtu. Wakati huohuo mama anayetembeza mchicha tangu alfajiri anarudi jioni kusonga ugali, mlo wake wa kwanza na wa mwisho kwa siku hiyo. Amefunga kwa kipimo kilekile cha mlo mmoja, na amefunga hivyo mwaka mzima. Huwezi kusimama mbele yake ukamhubiria kujinyima. Kufunga ni agizo kwa mwenye sahani ya pili. Kwa asiye nayo, Kwaresima ingepaswa kuwa majira ya kupokea, na kusanyiko linalowahubiria wote wawili maneno yaleyale halijamjua hata mmoja wao.

Ndipo jumuiya inapoingia. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya uchungaji, kwa kuwa parokia ni kubwa mno kwa watu kujuana. Waliona sawasawa. Paroko mwenye vigango kadhaa hawezi kujua nani amelala na njaa, lakini nyumba kumi na tano zinazosali pamoja kila juma zinajua. Zinajua nani amefiwa na mume, nani amepunguzwa kazini, mtoto wa nani anashinda nyumbani kwa kukosa daftari na sare. Wakati wa Kwaresima watu hukutana zaidi: Njia ya Msalaba kila Ijumaa, vituo kumi na vinne vikipita mitaani katika baadhi ya parokia, msalaba wa mbao ukipokezanwa bega kwa bega, na kwa wenzetu Walutheri wa KKKT kuna ibada za katikati ya juma na sala za nyumba kwa nyumba. Hakuna majira mengine ambayo Wakristo huingia mara nyingi kiasi hicho kwenye nyumba za wenzao.

Sasa tazama zamu ya kupokea jumuiya inapomfikia asiye na kitu. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, mkeka unatandikwa, na baada ya sala inatarajiwa chai ya maziwa, maandazi, pengine chapati na karanga. Hakuna mwongozo wa jumuiya unaodai hivyo. Ni desturi iliyokua yenyewe, nyumba moja ikitazama nyingine: hapa walitoa chai na mkate, pale wakaongeza mayai ya kuchemsha, kule wakapika pilau. Mwenye chumba kimoja cha kupanga anaanza kutuma udhuru. Leo anaumwa, juma lijalo amesafiri, na mwishowe haonekani kabisa, na jina lake linaingia katika orodha ya waliolegea imani. Jumuiya iliyoundwa ili maskini ajulikane inaishia kumtenga, na yote hayo yanatokea ndani ya siku arobaini ambazo tumesema tunafunga. Linaniuma kwa sababu dawa yake haihitaji kikao cha dekania wala barua ya askofu. Jumatano ya Majivu jumuiya inaweza kukubaliana kwa sauti moja: hadi Pasaka, tukimaliza sala tunaondoka, maji ya kunywa yanatosha. Gharama ya chai hiyo iingie kwenye kopo, waweke wanaoweza. Maskini arudishiwe zamu yake ya kuwapokea wenzake. Najua wapo watakaosema ukarimu ndio utu wetu na mgeni haondoki nyumbani mkavu. Lakini wanajumuiya si wageni, ni wa nyumbani, na ukarimu unaomfanya jirani ajifungie ndani umekuwa mashindano.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika Injili yenyewe. Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anaagiza sadaka itolewe kwa siri, sala ifanywe chumbani, na anayefunga anawe uso ili watu wasimtambue. Basi, ataniuliza msomaji makini, vipi unataka mfungo uwe na kopo na hesabu na mhazini? Ni swali la haki. Hata hivyo somo hilo la Mathayo husomwa Jumatano ya Majivu pamoja na lile la nabii Yoeli, ambamo tarumbeta inapigwa, mfungo unatangazwa na watu wote wanakusanywa, wazee na watoto wanyonyao, hata bwana harusi na bibi harusi wanatolewa chumbani mwao. Kanisa limeyaweka masomo hayo katika misa moja, na halikukosea. Mathayo anakataza mtu kujionyesha, Yoeli anadai watu wajumuike. Kopo linalozungushwa bila majina, pasipo yeyote kujua nani ameweka elfu tano na nani mia mbili, linawatii wote wawili. Inayogongana na Mathayo ni ile desturi tuliyoizoea katika michango mingine, ya kusoma hadharani majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, na huko sijasikia mtu akiinukuu sura ya 6. Siri hiyo, tena, impate na anayepokea. Watu wawili waliochaguliwa na jumuiya wakipeleka mfuko wa unga jioni, bila picha wala tangazo, heshima ya mwenye nyumba imelindwa.

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza juma hilohilo. Mwaka 2025 pia mifungo hii miwili ilianza ikiwa imepishana kwa siku chache tu. Pwani yetu na miji yetu mingi imekuwa ikifunga pamoja, na Mkristo anayeishi jirani na Waislamu ameona jinsi zaka ya fitri inavyotolewa: pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, mtoto mchanga naye akihesabiwa, na imfikie maskini kabla ya sala ya Idi ili siku ile asikose cha kupika. Kuna kipimo, kuna muda wa mwisho, na kuna mpokeaji. Imani zetu zinatofautiana katika mengi na sisemi tuchukue sheria ya wenzetu. Nasema kipimo chetu kilikuwepo, Herma alikiandika, nasi tumekiacha hadi mfungo wetu ukabaki bila kiasi, bila tarehe na bila jina la mtu.

Viongozi wa parokia na sharika watanikumbusha kwamba bahasha za Kwaresima zipo, na kwamba kanisa halijaezekwa. Sibezi ujenzi. Watu wanaosali huku wakinyeshewa wana haki ya kutaka paa. Ila ujenzi una mwaka mzima wa kuchangiwa. Una harambee, una ahadi za familia, una mavuno, na katika sharika nyingi una mnada baada ya ibada, ambapo jogoo, mkungu wa ndizi na trei ya mayai hununuliwa kwa bei kubwa kuliko ya sokoni kwa sababu kila mnunuzi anajua fedha inakwenda kwa Mungu. Fedha ya mfungo ina masharti yake. Imetoka katika tumbo la mtu aliyejinyima kwa nia ya mwenye njaa, na kuihamishia kwenye saruji, hata kwa kibali cha kamati, ni kuigeuza nia yake bila kumuuliza. Kama lazima ujenzi upate kitu hata majuma haya, basi upate kwa bahasha yake yenyewe yenye jina lake.

Wengine, na hawa nawaheshimu sana, watasema kilo mbili za unga haziondoi umaskini, kwamba tunahitaji haki zaidi ya sadaka. Kweli tupu. Nchini Kenya Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu Katoliki imekuwa ikiandaa Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, yenye mada kwa kila juma, na jumuiya hukaa kujadili mambo kama ufisadi, uongozi na mazingira kwa mwanga wa Maandiko. Ni kazi njema na ningependa ienee. Lakini sioni ushindani kati ya mambo haya mawili. Jumuiya iliyopeleka unga kwa mjane itagundua kwamba shamba lake limechukuliwa na shemeji zake, na hapo ndipo mjadala wa haki unapopata mahali pa kushika. Jumuiya inayojadili ardhi na mirathi bila kumjua mjane hata mmoja itamaliza kitabu cha kampeni na kukirudisha kabatini.

Limebaki neno linalosemwa kwa sauti ya chini baada ya kikao: wakisaidiwa watazoea. Nimelitafakari na sioni linasimama wapi. Anayeishi kwa mlo mmoja amekwisha kuzoea jambo gumu kuliko msaada wa majuma sita, na jumuiya inayomfahamu kwa jina inaweza kumtofautisha mgonjwa na mvivu vizuri kuliko ofisi yoyote. Nafasi ya kufanya haya tayari ipo katika ibada yenyewe. Misale ya Kirumi, kwa Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu, inaruhusu waamini waandamane mwanzoni mwa Liturujia ya Ekaristi wakipeleka zawadi kwa ajili ya maskini pamoja na mkate na divai. Makopo ya jumuiya yafike hapo, yakiwa hayana majina. Sadaka ya Ijumaa Kuu ina safari yake ya kwenda Nchi Takatifu na isichanganywe na hii. Jumamosi mchana, kabla moto wa Mkesha haujawashwa, unga, mchele, mafuta na fedha ya kodi viwe vimefika katika nyumba ambazo kila jumuiya imezitaja yenyewe. Na jumuiya itakayosema haina hata nyumba moja yenye shida, ianze na wale iliowaandika kuwa wamelegea.