Mgeni Aliyemo Malangoni Mwako

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya funzo la juma hili: Kut. 12:48, 49; 20:8–11; Law. 19:33, 34, 25:23, Kum. 23:15, 16, 24:14–22, Ruthu 2, Mt. 2:13–15, Rum. 13:1–7.

Fungu la kukariri: Mambo ya Walawi 19:34.

Mji wetu wa Singida uko njia panda. Barabara ya kati itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Manyoni hupita hapa kuelekea Nzega, na malori yake huendelea hadi Rwanda na Burundi. Barabara ya Arusha na Babati nayo huishia hapa hapa. Kwa hiyo sisi wa Utemini hatuhitaji kusafiri ili kumwona mgeni. Yeye hutupitia, na wakati mwingine hubaki. Mmoja ana kibanda sokoni, mwingine anachunga ng'ombe wa mtu huko vijijini, mwingine analea watoto katika nyumba ya mshiriki wa kanisa. Wengine wana vibali. Wengine hawana.

Jambo hili likizungumzwa darasani, sauti mbili husikika upesi. Ya kwanza husema, "Sheria ni sheria, aliyeingia kwa njia za panya arudishwe kwao." Ya pili hujibu, "Sote ni watoto wa Adamu. Mipaka waliichora wakoloni." Kila sauti ina fungu lake la Biblia. Lakini mara nyingi yupo wa tatu ambaye hunyamaza, naye ni yule mwenye mgeni asiye na kibali nyumbani mwake, anayemfanyia kazi kwa ujira mdogo. Juma hili Mungu anasema na wote watatu. Nasi tutaona kwamba amri tunayojulikana kwayo, amri ya Sabato, imemtaja mgeni ndani yake.

JUMAPILI: Nani Alitangulia Kufika?

Soma Kum. 26:5 na Law. 25:23. Mwisraeli aliyeleta malimbuko alipaswa kukiri nini kuhusu baba yake?

Mwisraeli alisimama mbele za Bwana akiwa na kapu la mazao ya shamba lake mwenyewe, na neno la kwanza alilotakiwa kusema ni kwamba alitoka katika ukoo wa mtu asiye na makao. Na Bwana alimkumbusha kwamba nchi si mali yake. Yeye naye ni mgeni anayekaa kwa Mungu.

Sisi wa Singida tungeweza kukiri vivyo hivyo. Lugha za Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu ni za Kibantu, na mababu wa wasemaji wa lugha hizo walihama kidogo kidogo kutoka magharibi kwa karne nyingi. Wabarabaig na Wataturu lugha yao ni ya Kinailoti, nao walitoka kaskazini. Wairaqw ni Wakushi, na asili ya lugha yao inaelekea pembe ya Afrika. Huko Mkalama wako Wahadzabe, wawindaji ambao lugha yao yenye sauti za kugongesha ulimi haifanani na yetu. Ni mahali pachache sana Afrika ambapo makundi haya yote ya lugha yanakutana kama katikati ya Tanzania. Halafu wamefuata Wasukuma na mifugo yao, na wafanyabiashara wenye asili ya Uarabuni na India.

Kama haki ya kukaa ingetokana na kutangulia kufika, wengi wetu tungepaswa kwenda kuomba kibali kwa Wahadzabe. Hata ujumbe wa Waadventista uliletwa na wageni: mwaka 1903 wamisionari kutoka Ujerumani walifika Giti, katika milima ya Upare, kwa ruhusa ya serikali ya kikoloni. Tuliyoyapokea mengi yalikuja na mtu wa kuja.

JUMATATU: Je, Mungu Anapinga Mipaka?

Soma Mdo. 17:26, Kut. 12:48, 49; Rum. 13:1–7. Mafungu haya yanaweka pamoja mambo gani mawili?

Paulo aliwaambia Waathene kwamba mataifa yote yametoka kwa mtu mmoja, na papo hapo akasema kwamba Mungu aliyawekea mipaka ya makazi. Hatuwezi kuchukua nusu ya fungu na kuiacha nusu. Torati nayo ilitofautisha. Mgeni hakula Pasaka mpaka atahiriwe. Lakini alipotahiriwa alihesabiwa kama mzaliwa, na sheria ikawa moja kwake na kwa mwenyeji. Palikuwa na ukuta, na ukuta ule ulikuwa na mlango.

Tusiwadharau wanaoogopa. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Wenyeji waliwapokea, na wenyeji hao hao waliona misitu ikiisha kwa kuni na visima vikikauka. Miaka iliyofuata watu wa Kagera walilia juu ya ujambazi wa silaha barabarani na mifugo iliyoingizwa mashambani. Serikali isiyojua nani yumo nchini haiwezi kumlinda mwenyeji wala mgeni.

Kwa hiyo Mkristo hatoi ushahidi wa uongo ili mtu apate cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa, hata kwa kumhurumia. Amri ya tisa haina kifungu cha kuwaachilia wenye huruma. Lakini pia ajue kwamba sheria za nchi yetu zina mlango. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa aliyekimbia hatari nafasi ya kujitokeza, hata kwa ofisa mtendaji wa kijiji, na kueleza shida yake. Wengi wanaosema "sheria ni sheria" huijua sheria inayofukuza, wala hawajaisoma hii.

JUMANNE: Mtu Yule Yule, Karatasi Nyingine

Soma Kum. 23:3 na Ruthu 2:1–13. Boazi alijua nini kuhusu Ruthu, naye alimtendeaje?

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji na kuingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu, huko Tabora jirani zetu, na Katumba na Mishamo, ambako sasa ni Katavi. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa, wakazika. Baada ya zaidi ya miaka 40, mwaka 2014, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa Watanzania. Ni nchi chache duniani zilizowahi kufanya jambo kama hilo kwa wakimbizi wengi kiasi hicho, na tuna haki ya kulitaja kwa shukrani.

Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2013, ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa. Baadhi yao walikuwa wameishi huku kwa miongo mingi, wameoa na kuolewa, na nyumba nyingine zilibaki na mama upande huu na baba upande wa pili. Ni nchi ile ile, karibu wakati ule ule. Na tukumbuke kwamba hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Mjukuu anaweza kuitwa mgeni mahali ambapo babu yake alitembea kama mwenyeji.

Mkulima wa Katumba aliyelala mgeni akaamka raia hakubadilika mikono wala moyo. Kilichobadilika ni karatasi. Karatasi ina maana, kwa kuwa inasema mtu anasimama wapi mbele ya serikali. Haiwezi kusema ana thamani gani mbele za Mungu. Ndiyo maana tuwe waangalifu na maneno "mhamiaji haramu". Kuingia bila kibali ni kosa la kisheria, lakini haramu ni jina la tendo. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hawi haramu.

Ruthu alikuwa Mmoabi, na torati iliwazuia Wamoabi wasiingie katika mkutano wa Bwana. Boazi aliijua asili yake, maana kijiji kizima kiliitaja. Lakini aliijua pia sheria nyingine, ile iliyomwachia mgeni masazo ya shambani, akaitimiza kwa mkono mkunjufu kupita ilivyodai. Katika uzao wa mwanamke yule alizaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi, Mwokozi.

JUMATANO: Anayefaidika na Hofu ya Mgeni

Soma Kut. 20:8–11, Kum. 24:14, 15, Yak. 5:4. Amri ya nne inawataja nani?

Sasa tufike kwa yule aliyenyamaza darasani. Mgeni asiye na kibali ni rahisi kuajiriwa, kwa sababu hawezi kushitaki. Ukimlipa nusu, atanyamaza. Ukichelewesha mshahara miezi mitatu, atasubiri. Akidai sana, unataja neno moja tu, "Uhamiaji", naye anarudi kazini. Sheria ya nchi inalihesabu kosa hilo kwa mwajiri pia, lakini anayeonekana na kulaumiwa mtaani ni mgeni peke yake. Musa aliagiza kwamba mfanyakazi maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana.

Na amri ya nne inaingia ndani zaidi. Baada ya mwana, binti, watumwa na wanyama, Mungu amemtaja mgeni aliyemo malangoni. Hakuuliza ameingiaje. Akiwa malangoni mwako, pumziko lako ni lake. Basi kama tumefunga nyumba na kuja kanisani, tukamwacha kijana wa watu porini na ng'ombe wetu tangu alfajiri, au dada wa kazi jikoni akitupikia chakula cha mchana, Sabato hiyo tumeitunza au tumeipora? Tunaweza kuwa sahihi juu ya siku na bado tukawa wavunjaji wa amri.

Hofu ya mgeni ikiuzwa kwa bei kubwa zaidi, huzaa mauti. Juni 2012, katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, ilikutwa miili ya wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, waliokosa hewa ndani ya lori. Mtu alilipwa kwa safari ile. Dereva Mkristo akiahidiwa fedha nyingi kwa "mzigo" usioulizwa maswali, akumbuke Kongwa.

ALHAMISI: Akibisha Hodi

Soma Mt. 2:13–15, 7:12, Kum. 23:15, 16. Kanuni ya dhahabu inatutaka tujiweke mahali pa nani?

Yusufu aliondoka usiku na mtoto mchanga, akaenda Misri. Injili haitaji majina ya waliowapokea, lakini yupo aliyewauzia unga na aliyewaonyesha kisima. Mgeni akibisha hodi kwako, tufanye nini?

Kwanza, maji na chakula. Hilo halihitaji kikao cha baraza. Pili, mwulize na umsikilize: aliyekimbia kuuawa, aliyekuja kutafuta kazi, na aliyetupwa njiani na wasafirishaji, hao si shauri moja. Tatu, sema kweli. Usimfiche kwa uongo. Nne, usimuuze, si kwa hofu wala kwa zawadi, wala kwa sababu mmegombana juu ya kiwanja. Tano, asiende peke yake. Mwenye haki ya kuomba hifadhi apelekwe kwa mamlaka akiwa na mzee wa kanisa au jirani mwenye kujua sheria, na asiye nayo arudi kwao akiwa amelipwa jasho lake lote.

Hapa wengine watasema njia hii ni nzito kwa mgeni, kwa kuwa kusema kweli kunaweza kumfukuzisha. Ni kweli, ni nzito. Lakini wako vijana wetu waliozamia Afrika Kusini. Mama zao wako kanisani kwetu, na kila Jumatano hutaja majina yao katika maombi. Vurugu dhidi ya wageni zilipotokea kule mwaka 2008, akina mama kama hao hawakuomba kwamba sheria za Afrika Kusini zifutwe. Waliomba mwenye nyumba aliyewapangisha awe mtu wa Mungu. Tuwe kwa mtoto wa mwenzetu jibu la maombi tunayoomba kwa ajili ya wetu.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Je, kuna wakati ambapo kuitii sheria ya nchi ni kumwasi Mungu? Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 1850 iliyodai watumwa waliotoroka warudishwe kwa mabwana zao, Ellen G. White aliwaelekeza waumini wasiitii, nao wawe tayari kupokea adhabu yake. Torati ilikwisha kukataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia. Angalia mipaka ya mfano huo. Hakusema kila sheria inayotuudhi tuivunje. Alisema juu ya kumkabidhi mtu utumwani, na gharama aliiweka juu ya mwamini mwenyewe. Anayedai anamtii Mungu kuliko wanadamu huku akipata faida, ajichunguze.

Serikali itauliza, kwa haki yake, mgeni ameingiaje. Katika Mathayo 25 Mwana wa Adamu anauliza jambo lingine: alipokuwa mgeni, sisi tulimfanyia nini?

Maswali ya Kujadili

1. Katika ukoo wako, ni kizazi cha ngapi kilichofika hapa mlipo? Nani aliwapa ardhi ya kwanza?

2. Mshiriki anaombwa na rafiki asiye raia amthibitishe kuwa mzaliwa wa Singida. Amjibu nini kwa upendo na kwa kweli?

3. Kanisa lenu lifanye nini ili wachungaji wa mifugo na wasaidizi wa nyumbani, wenyeji na wageni, wapate pumziko la Sabato? Pangeni jambo moja kabla ya Sabato ijayo.