Mgeni wa Miaka Thelathini

Katika kigango kimoja cha Bonde la Rukwa, chini ya milima inayoshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, tulikuwako siku ya kubarikiwa kwa kanisa jipya. Baada ya Misa Takatifu mwenyekiti wa halmashauri alisimama kutoa shukrani. Akawashukuru mafundi, akawashukuru akina mama waliochota maji, kisha akasema: "Na tunawashukuru wageni wetu Wasukuma, ambao mikokoteni yao ya ng'ombe ilisomba matofali yote." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mzee mmoja Msukuma, mwenye mvi, alicheka na kuinua mkono. Kijana wake aliyeketi karibu naye hakucheka. Tulipouliza tuliambiwa kwamba mzee yule alihamia pale yapata miaka 30 iliyopita, na kwamba kijana alizaliwa palepale, akabatizwa palepale, wala hana kwao pengine.

Yatupasa kukiri kosa letu. Saa moja kabla ya hapo, katika mahubiri, sisi wenyewe tulikuwa tumesema "wageni wetu" mara mbili, tena kwa nia njema kabisa. Ndiyo sababu neno hilo limetukaa moyoni, na leo twaliweka mbele ya wasomaji wetu wapenzi: Je, mtu huacha lini kuwa mgeni? Tena, ndani ya Kanisa, mbele ya altare moja, yafaa kweli kuwako mwenyeji na mgeni?

Kwa ukarimu hatuna haja ya kufundishwa. Mpita njia akifika jioni katika nyumba ya Mfipa huketishwa, huletewa maji, hupewa ugali wa ulezi na kitoweo kilicho bora kuliko cha watoto wa nyumba. Hapewi kazi, wala haulizwi shauri juu ya mambo ya nyumba ile. Heshima hii ni njema kwa siku mbili. Lakini ikiendelea miaka 30 yageuka kuwa ukuta, ijapokuwa umepakwa chokaa nyeupe. Mzee yule wa mikokoteni huombwa ng'ombe wake kila parokia iwapo na sikukuu. Shauri lake haombwi. Katika halmashauri ya kigango kile, tulivyoambiwa, hajaingia hata Msukuma mmoja.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mithali hii hutajwa kwa kicheko, hasa na mama wa nyumba aliyechoka kumpikia shemeji asiyeondoka. Watu huidhania kuwa ni mithali ya kufukuza. Sisi twaisikia vingine, na pengine ni kwa sababu tuliisikia tukiwa Ufipa. Nchi hii ilikuwa nchi ya majembe. Wafua chuma wa Kifipa walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma kwa nguvu ya upepo peke yake, bila mivukuto, na majembe yao yakasafiri mbali. Jembe lilikuwa mali. Lilitolewa hata katika mahari. Basi kumpa mtu jembe si kumtukana. Ni kumwambia: shamba hili ni letu mimi nawe, na njaa ikija itatukuta pamoja.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Wafipa wenyewe wana simulizi ya kale juu ya kumpokea mgeni, wala si simulizi tamu. Yasemekana kwamba zamani sana wanawake watatu wageni walifika Milansi, makao ya mtawala wa kwanza wa Ufipa, naye mwenyewe alikuwa mbali akiwinda. Wakaomba kiti. Mwenye nyumba, kwa hofu, akawapa kile kiti cha utawala, na tangu hapo nchi ikawa yao na ya wazao wao. Mtawala aliporudi alikuta kiti kimekaliwa; wakapatana, naye akabakiwa na kijiji chake cha Milansi na heshima ya aliyetangulia.

Anayesimulia kisa hiki leo huko bondeni hasimulii mambo ya kale. Anasema juu ya shamba lake. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakishuka na mifugo yao katika Bonde la Rukwa wakitafuta malisho, na ardhi haiongezeki. Mkulima aliyeamka akakuta mahindi yake yameliwa usiku hawezi kuridhishwa na mahubiri matamu juu ya undugu. Hofu yake si dhambi. Ni hofu ya mtu mwenye watoto.

Walakini tukiitazama vema simulizi ya Milansi, twaona kwamba kosa halikuwa kuwapa wageni kiti. Kosa lilikuwa kwamba nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja tu, na kilitolewa kwa hofu, mwenyewe asipokuwapo, pasipo mashauri. Anayetoa kwa hofu leo atanyima kwa hofu kesho. Kinachotakiwa katika vigango vyetu ni benchi: mahali ambapo aliyetangulia haondolewi na aliyefuata hasimami.

Hayo si maneno ya hewani. Kanisa katika pande hizi lilianza hivyo. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walipokea boma la Karema kando ya Ziwa Tanganyika, lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Wakristo wengi wa mwanzo waliokusanyika karibu na misioni walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wa makabila yasiyohesabika, waliosombwa na misafara kutoka huku na huku. Basi katika jimbo lililoitwa kwanza Karema, na tangu mwaka 1969 Sumbawanga, hakuna awezaye kusema kwamba Ukristo ni urithi wa ukoo wake. Mababu wa imani yetu walikuwa wageni wao kwa wao.

Kati yao alikuwamo mmoja ambaye twamtaja kwa furaha, nasi twashangaa kwamba vijana wengi hawajui jina lake: Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, Mali ya leo. Akaibiwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Walimpeleka Malta kusoma utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa tabibu na katekista. Kama kuna aliyekuwa mgeni Karema, ndiye: hakuwa Mzungu, wala hakuwa mtu wa kabila lolote la ziwani. Lakini alipewa jembe lake siku ileile, yaani dawa na katekisimu. Akaoa huko, na mwanawe mmoja akawa padre. Aliishi Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 tangu kufika kwake. Watu walimwamini kwa kushika vidonda vyao na kufundisha watoto wao, si kwa kupigiwa makofi.

Tena tuwatazame Mitume. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, chatwambia kwamba katika Kanisa la Yerusalemu, lingali changa kabisa, palizuka manung'uniko: wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Si uzushi mpya, basi! Mitume hawakuwahubiria wanung'unikaji juu ya uvumilivu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Waliolalamika kwamba hawapati chakula walikabidhiwa kijiko chenyewe. Yatubidi kuisoma orodha ile polepole kila mara tunapokaribia uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo.

Kuhusu mahindi yaliyoliwa, hatutaki mtu adhani kwamba udugu ni pazia la kufunikia hasara ya jirani. Mwenye ng'ombe walioingia shambani na alipe, tena alipe kabla ya kuja kupokea Komunyo. Bwana wetu alisema wazi juu ya mtu aletaye sadaka yake huku ndugu yake ana neno juu yake. Kwa mzani uleule, mkulima asemaye "Wasukuma wote ni walisha mazao" naye amemwibia jirani yake kitu ambacho ni ghali kuliko gunia. Ndugu wawili waweza kudaiana na kulipana. Kati ya mwenyeji na mgeni ni vigumu: mwenyeji huona haya kudai, kisha siku moja huchukua fimbo.

Wako watakaosema kwamba tunakuza neno dogo. Hatudhani hivyo. Katika makazi ya Katumba na Mishamo, mkoa wa Katavi, wanaishi watu ambao wao au wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 wenzao na wao, zaidi ya 160,000, walipokea hati za uraia wa Tanzania. Serikali ilikwisha kuwaita raia. Ndimi zetu huchelewa, na hata kwenye mlango wa kanisa tumesikia neno "wakimbizi" likitajwa juu ya watoto ambao hawajapata kukimbia kitu chochote. Na huko Burundi kwenyewe, katika seminari ndogo ya Buta, tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Wakakataa. Wakauawa vijana 40. Sisi tuliolelewa seminarini, tukilala vitanda vilivyopangwa mstari mmoja na wenzetu wa kila kabila, hatuwezi kuandika habari hii bila mkono kuwa mzito.

Juu ya lugha tutasema machache. Wengine hudai Misa iwe kwa Kiswahili tupu ili pasiwe na ubaguzi. Wengine hudai nyimbo za Kifipa kwa kuwa ndipo mahali pake. Kiswahili hiki tunachokiandika nacho kilifika Ufipa kwa miguu, kikiwa mgeni, nacho kilipewa jembe. Hatuoni hatari yoyote kwa bibi Mfipa kusikia wimbo mmoja wa Kisukuma wakati wa vipaji, maadamu kwaya yenyewe imechanganyika na wimbo umefundishwa kwa wote. Hatari tunaiona katika kwaya mbili zinazopeana zamu na hazisalimiani.

Tulirudi kwa yule kijana asiyecheka. Ana miaka 24. Ameomba kupelekwa masomo ya ukatekista, na paroko amekubali, lakini kwa desturi yahitajika barua ya halmashauri ya kigango kumtambulisha kuwa ni mtu wa pale. Barua imekwisha kuandikwa na katibu. Tulipoondoka ilikuwa bado haijatiwa sahihi.