Mkono, Mashine na Maji Machafu

Kuosha gari si jambo ambalo msomaji angelitaraji kulikuta katika kurasa hizi. Lakini watu wa mji wetu hulibishania, na ndani ya ubishi wao mna suala la haki ambalo bado halijatazamwa sawasawa. Wako wasemao: mashine ya kuoshea magari ndiyo maendeleo, na kijana mwenye ndoo na kitambaa kando ya njia ni alama ya mji ulioachwa nyuma. Na wako wawajibuo: mashine moja yala riziki ya vijana kumi, na mkono wa binadamu una uangalifu usiokuwamo katika brashi. Kila upande una neno la kweli. Ila wote walitazama gari, na hapana atazamaye chini, yanakokwenda maji.

Natuanze na mashine, kwani wengi huisifu au huilaumu bila ya kuijua. Mwaka 1914, katika mji wa Detroit, Marekani, palifunguliwa mahali palipoitwa dobi la magari. Hapakuwa na mashine hapo. Gari lilisukumwa kutoka kwa mtu hata mtu: huyu akitia sabuni, yule akisuza, wa tatu akikausha. Mashine zilizokuja baadaye zilichukua mpango ule ule na kuwaondoa watu. Mnyororo wavuta gari, mabomba yanyunyiza, brashi zazunguka, na upepo mkali wakausha. Basi katika kuosha kwenyewe mashine haikuleta elimu mpya. Iliyo mpya iko chini ya sakafu yake, nayo ililetwa na sheria.

Ujerumani ya Magharibi ilitunga sheria ya maji mwaka 1957, na hata leo miji mingi ya Ujerumani humkataza mtu kuosha gari lake kwa sabuni mbele ya mlango wake. Mgeni aweza kudhani huo ni udhia wa serikali. Lakini maji yaliyokwisha kupita juu ya gari yamechukua mafuta ya injini, grisi, sabuni, vumbi la breki na la mipira. Yakizama ardhini, huyafikia maji ya visima. Kwa hiyo mahali pa kuoshea hapana budi pawe na mashimo. Katika shimo la kwanza mchanga hutuama. Katika la pili mafuta huelea juu na kuondolewa. Maji yaliyobaki huchujwa na kurudishwa kuosha gari la pili, na maji safi hutumiwa katika kusuza kwa mwisho tu.

Sasa turejee kwetu. Katika mwaka huo huo wa 1957 ulikamilika mradi wa bomba la Mzima, uletao Mombasa maji kutoka mbali, zaidi ya kilomita 200. Ni mvua inyeshayo juu ya milima ya Chyulu, ikapenya katika mawe yake na kutokea Mzima kwa chemchemi. Kisha maji hayo, pamoja na yatokayo Baricho, hayautoshi mji, na katika mitaa mingi mama huyanunua kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni. Mpira wa bustani utoao lita 15 kwa dakika, ukiachwa dakika kumi, umemwaga lita 150. Yaani mitungi saba na nusu, juu ya bati. Nasi ni umma ambao Mtume wetu (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Sijui mwenye kumwaga mitungi saba kwa ajili ya mng'aro atatoa hoja gani.

Kwa mizani hii kijana wa ndoo ana sifa ambayo hapewi. Ndoo mbili au tatu zamtosha gari zima, kwa kuwa kila ndoo ameibeba au ameinunua. Katika kutumia maji kidogo amshinda bwana mwenye mpira, na ashinda mashine yoyote isiyorudisha maji yake. Atakaye kumfukuza kwa jina la maendeleo kwanza na aonyeshe hesabu.

Anaposhindwa ni katika maji anayoyamwaga. Yaingia mtaroni, na katika kisiwa hiki mtaro hauna pa kwenda ila baharini, penye mikoko na samaki, penye watu ambao riziki yao ni wavu. Wao hawana gari, wala hawakushirikishwa katika bei ya kuosha.

Hapa watu hupenda kumlaumu kijana, na mimi siafikiani nao. Yale mafuta si yake. Mwenye gari huja na uchafu wake, hupunguza bei mpaka mwisho, huondoka na gari safi, na uchafu huuacha kwa mwingine. Lau kijana angeliomba nyongeza kidogo kwa ajili ya kuchimba shimo, wangapi wangelitoa? Wako wausifuo mkono wa mwanadamu kwa maneno matamu, na mkono wausifuo ni wa maskini, wa kwao haujaloa.

Kwa mashine twaweza kuiachia brashi zake na kuchukua mashimo yake. Sakafu ya saruji yenye mteremko, shimo la mchanga, shimo la mafuta: kazi hii haihitaji fundi wa Ulaya, kwani waashi wetu wamejenga birika za misikiti zisizovuja tangu zama za mababu. Wenye magari wa mtaa mmoja wakichanga, vijana watabaki na kazi yao mahali pamoja palipo wazi. Sharti mashimo hayo yapigwe lipu ndani kama birika ipigwavyo, na yawe mbali na visima, kwa kuwa jiwe la kisiwa hiki ni tumbawe lenye matundu, na kinachomwagwa juu yake hakikawii kupenya.