Kunyonyesha Mtoto ni Dhima ya Nani?

 

Ndugu zetu Waislamu wa Lodwar na Kakuma, maneno yetu ya leo twayaelekeza kwa wanaume, japokuwa mas-ala yenyewe ni ya maziwa ya mama.

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameweka muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza. Aya hii husomewa sana kina mama. Lakini papo hapo imemlazimisha baba kumlisha na kumvisha huyo anyonyeshaye, kwa kadiri ya uwezo wake. Na baba akiwa hayupo, mrithi ametajwa. Basi vipi tuwe hodari wa kuisoma nusu ya kwanza, na ya pili tuifumbie macho?

Madaktari wa leo wasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, bila ya maji wala uji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Kisha alishwe huku akinyonya hata miaka miwili au zaidi. Utasikia mtu akisema: "Katika jua hili la Turkana, mtoto atakosaje maji?" Twamjibu: maziwa ya mama zaidi ya sehemu 80 katika 100 ni maji, tena safi. Ama maji ya kuchimbwa katika mchanga wa Tarach au Turkwel, hayo huweza kumharisha mtoto mpaka akafa. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo wengine huyakamua wakayamwaga, ndiyo kinga yake ya kwanza. Wala tahniki si hoja. Kumpaka mtoto tende kidogo kaakaani si ruhusa ya kumnywesha maji ya sukari kwa vijiko.

Haya kina mama wengi wameshayasikia kliniki. Lakini mama atokaye alfajiri kuteka maji na kutafuta kuni, au asimamaye katika safu ya posho kambini Kakuma, mtoto amemwachia dada yake mdogo. Akilia, huyo dada atamtia nini kinywani?

Sayyidna Umar bin Khattab, alipokuwa Khalifa, aliwawekea watoto posho ya Baitul-Mal, lakini kwa walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja alisikia mtoto akilia, akamwendea mama yake mara kwa mara. Mama, asimjue ni nani, akamwambia kuwa amlazimisha mtoto kuacha ziwa kwa sababu Umar hampi posho anyonyaye.  Umar alisalisha alfajiri huku akilia, kisha akatangaza kuwa posho itatolewa tangu mtoto azaliwapo, na watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao. Aliibadili amri yake mwenyewe, akamwacha mama na mwanawe.

Serikali ya Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, imempa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi 3. Muuza kuni wa Kakuma hana tajiri wa kumpa likizo. Likizo yake haina budi itoke kwetu.

Nasi tumezoea kuchinja mbuzi wa akika, tukala, tukatawanyika. Twaonelea kila msikiti ujue ni nani amezaa mtaani. Vijana wamchotee maji, majirani wampikie kwa zamu, si kwa arobaini tu bali kwa miezi yote 6. Hata jirani Mturkana asiyekuwa Mwislamu ana haki ya ujirani. Na ikiingia Ramadhani, mwenye kuhofia nafsi yake au mtoto asilazimishwe kufunga na mavyaa. Sheria imempa ruhusa ya kula, na atalipa baadaye.

Mzazi fakiri hupewa katika zaka. Lakini mume asije akampa mkewe chakula akasema hiyo ndiyo zaka yake. Hilo ni deni lake, na deni la nafaka halilipwi kwa zaka.