Herufi Juu ya Maji

Ukimwambia mtu anaandika juu ya maji, atakuelewa haraka: ni ndugu yake anayetwanga maji kwenye kinu. Kazi ya bure.

Sasa, mwaka 2006 huko Japani, maabara ya Akishima pamoja na Profesa Shigeru Naito wa Chuo Kikuu cha Osaka walionyesha mashine inayoandika juu ya maji kweli. Ni beseni la duara, upana wake mita 1.6, limezungukwa na vifaa 50 vinavyopanda na kushuka kwa hesabu ya kompyuta. Kila kimoja kinatoa wimbi dogo ambalo peke yake halisemi kitu. Mawimbi yakikutana kwa wakati uliopangwa, maji yanainuka na unaona herufi. Kufumba na kufumbua, imekwenda. Ukiitaka tena, vifaa vyote vianze upya.

Mchezo tu? Kabla hujajibu, njoo Kyela, ushuke kutoka Ngonga mpaka Ziwa Nyasa. Huku nako kuna maandishi juu ya maji. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa Heligoland, na mpaka ukaandikwa kufuata ufuko wa ziwa hadi mdomo wa mto Songwe. Ukiyashika maneno hayo, mtu wa Kyela akiingiza mguu majini ameshatoka nchini kwake. Malawi inasimama hapo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Mwaka 2012 ubishi uliwaka tena, kisa utafutaji wa mafuta na gesi.

Mstari huo usipa hawaujui, mawimbi hayaujui. Lakini una zaidi ya miaka 130, na herufi ya Wajapani haimalizi hata dakika.

Kipi basi kimeandikwa juu ya maji? Nadhani vyote viwili. Herufi haiishi ndani ya maji, inaishi katika mapatano ya vile vifaa 50. Mpaka nao unaishi kwa sababu kila siku kuna anayeurudia: mchora ramani, afisa, mwalimu darasani, mimi na wewe tukibishana. Tofauti ni kwamba mashine haifichi kazi yake. Ikiacha, unaona maji matupu. Mpaka unajifanya umezaliwa pamoja na ziwa.

Hapo ndipo penye swali la maadili. Kilichozaliwa na ziwa hakina wa kuulizwa. Kinachorudiwa na watu kina wenyewe. Hata mkataba ule ulikubali kwamba mistari yake ingeweza kurekebishwa kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali. Na mahitaji ya mahali, jamani, ni pamoja na mvuvi na mtumbwi wake.

Sisemi nchi ziishi bila mipaka. Nasema anayeurudia mstari kila asubuhi asidai kwamba yaliyompata aliyeko kwenye mtumbwi hayamhusu.